Nati za Upande wa Kushoto

Usoke,
8 Juni 1953

Shemeji Tobias,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita ilifika. Marahaba. Watoto ni wazima, na mimi ni mzima wa mwili. Moyo usiniulize.

Nakuandikia habari ya lori la marehemu kaka yako. Najua hapo umekaa wima, basi endelea kukaa hivyo usome mpaka mwisho.

Jumamosi alikuja hapa Baba Mkubwa Ngollo na wazee wawili. Hata maji hawakunywa. Alilizunguka lori, akaligonga kwa fimbo, kisha akaniambia mbele ya watoto: "Apolinaria, mwaka wa Anton unatimia Agosti. Jumapili ya tarehe kumi na sita, baada ya misa, ukoo utakaa uani kwangu tumalize matanga na kugawa vitu vyake. Lori hili likifika kwangu siku hiyo kwa magurudumu yake, bila kuvutwa na ng'ombe wala kusukumwa na watu, ni lako na watoto wako. Likiwa bado limekaa hapa, litakwenda Cheyo kwa Tobias. Yeye ndiye fundi, yeye ndiye anayejua gari ni kitu gani."

Fundi ndiye wewe. Fundi ambaye tangu tulipomzika Anton hajafika kuligusa hata kwa kidole.

Sasa sikiliza. Injini ni nzima. Naiwasha mwenyewe kwa hendeli kila Jumamosi. Kasoro ni gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Tairi limekwisha upepo na kupasuka, na lile la akiba lipo juu ya lori, zima kabisa. Kazi ni kufungua nati sita, kutoa hilo na kutia hili. Lakini nati hazifunguki. Nimezing'ang'ania siku tatu na spana ya Anton.

Ningeweza kumwita fundi mwingine, ila desturi ya kwenu naijua. Mjane akimruka ndugu wa mumewe akaenda kwa mtu wa nje ameutukana ukoo mzima, na Ngollo anangoja tusi la namna hiyo alitumie. Kwa hiyo nimekuuliza wewe kwanza, na barua hii ni ushahidi kwamba nimekuuliza. Niandikie hatua kwa hatua. Tumbaku yangu na nta ya mizinga ya baba vitafika stesheni kwa lori hili, na Josepha atabaki shuleni kwa masista kwa lori hili. Hakuna njia nyingine, nimeshaitafuta.

Ni mimi,
Apolinaria, mke wa Anton


Cheyo, Tabora,
15 Juni 1953

Shemeji Mama Josepha,

Shikamoo tena, na mke wangu Katarina anakusalimu. Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa mjini tumekuwa na sherehe za kutawazwa Malkia, na magari yote ya wakubwa yalipita gerejini kwetu kabla ya gwaride. Mikononi mwangu mimi, shemeji. Watu walisimama barabarani wakisema hawajaona magari yamekaa vile.

Sasa habari ya nati. Ni jambo dogo sana kwetu sisi mafundi, linakuwa kubwa kwa asiyejua. Shika haya:

Nati yoyote duniani hufunguka kwa kushoto na kufungwa kwa kulia. Hilo halina ubishi. Basi geuza kushoto. Ikikataa, chukua bomba la chuma refu, lichomeke kwenye mkono wa spana ili upate nguvu. Ikikataa bado, watu wawili wasimame juu ya bomba wadundedunde. Ikikataa hapo pia, piga nyundo. Chuma hakina ujanja, kinataka nguvu tu.

Lakini kwa nini ujichoshe, shemeji? Hizi si kazi za mikono yako. Liache lilivyo. Agosti nitakuja na watu wangu wa gerejini, tutalivuta mpaka stesheni, lipande treni lije huku litengenezwe sawasawa. Wewe na watoto hamtakosa kitu. Mtakuwa chini yangu, kama alivyotaka kaka.

Ni mimi shemeji yako,
Tobias, Fundi Magari


Usoke,
24 Juni 1953

Tobias,

Nimesoma barua yako mara moja na nimeifuata mara nne.

Niligeuza kushoto. Zilikataa. Nilichukua bomba la pampu ya kisima lililovunjika, nikalichomeka kama ulivyosema. Zilikataa. Nikamwita jirani yangu Pelagia, tukapanda wawili juu ya bomba tukadundadunda, watu wanapita kwenda kisimani wanatucheka. Nati ya kwanza ilizidi kukaza. Ya pili spana iliteleza, pembe zake zote zikalika, sasa imekuwa mviringo, spana haina pa kushika. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne vivyo hivyo. Ya tano tulipiga nyundo na bolti ikakatika pale pale, ncha na nati yake vikaruka mpaka kwenye kuku. Pelagia alianguka kifudifudi na mimi nimepondeka kidole gumba. Kucha imekuwa nyeusi. Naandika barua hii nikishika kalamu kwa vidole viwili.

Nilikuwa na nati sita zilizokaza. Sasa nina mbili nzima, tatu za mviringo na bolti moja iliyokatika. Hiyo ndiyo kazi ya ushauri wako.

Na hayo maneno ya kuwa chini yako yarudie mwenyewe mbele ya kioo. Anton hakusema hivyo. Nilikuwa nimemshika mkono alipokata roho, nasikia kila alichosema, na jina lako halikuwamo. Mimi na watoto si viti vya kugawiwa.

Niambie haraka nati iliyolika inatolewaje. Zimebaki wiki saba.

Apolinaria


Cheyo,
2 Julai 1953

Shemeji,

Barua yako imeniumiza. Hata salamu hukuweka. Katarina ameiona akauliza nimekukosea nini.

Nati hazikuharibiwa na ushauri wangu, zimeharibiwa na mkono. Fundi akigeuza, nati inasikia kwamba ni fundi. Mwanamke na jirani yake wakirukaruka juu ya bomba, nati itafanya nini? Lazima mlikuwa mnapinda. Endeleeni kushoto, ila kwa nguvu zaidi na moja kwa moja. Hizo zilizolika zibane kwa koleo.

Umetaja nta katika ile barua ya kwanza. Nisikie tu kwamba umeanza kupaka nta kwenye nati kama wanavyofanya wahunzi wa majembe. Nta ni ya mishumaa ya kanisani. Usinitie aibu.

Na kama umeshindwa, kushindwa si dhambi. Mwandikie Baba Mkubwa kwamba lori lije kwangu, mambo yaishe kwa amani kabla ya kikao. Kikao kitakufedhehesha bure.

Tobias, Fundi Magari


Usoke,
6 Julai 1953

Tobias,

Koleo limeteleza, limenichana kiganja.

Kwa hiyo nati inasikia kwamba ni fundi. Haya. Mimi ninayechemsha maji nioshe mkono huu nimesikia kwamba wewe hujui unachosema, au unajua na unanificha ili lori likae hapa mpaka tarehe kumi na sita. Nakuomba uchague mwenyewe: mjinga au mwizi. Mimi naona mwizi.

Nilikuuliza kwanza kama desturi inavyotaka. Ushahidi ninao wa barua mbili, sasa hakuna mzee atakayesema nimekuruka. Leo hii hii nimemwandikia Fundi Selemani wa Ipuli, aliyemfundisha kazi Anton. Nimemweleza yote, na nimemwuliza wewe ni fundi wa namna gani.

Apolinaria


Cheyo,
9 Julai 1953

Shemeji,

Shikamoo. Shikamoo sana.

Usimsikilize Mzee Selemani. Umri umemwendea, anasahau hata majina ya watoto wake. Kama barua hujaituma usiitume. Kama umeituma, akijibu usifungue, nirudishie mimi nitakusomea na kukueleza.

Nitakuja mwenyewe. Nikipata ruhusa nitakuja kabla ya mwisho wa mwezi. Nakuomba kama ndugu, yaliyo kati yetu yabaki kati yetu.

Tobias


Ipuli, Tabora,
14 Julai 1953

Kwa mwanangu Apolinaria,

Assalamu alaikum, na rehema za Mungu zimshukie Anton pale alipo. Barua yako ilisomwa kwangu na binti yangu Maua, naye ndiye anayeandika haya ninayosema, maana macho yangu yanaona jua na kivuli tu. Miguu nayo haipandi treni. Ningekuja.

Mwanangu, pole na mkono. Maua alipofika pale uliposema "tuligeuza kushoto mpaka bolti ikakatika" nilipiga kelele hadi majirani wakaja. Mlikuwa mnafunga! Malori ya namna hiyo waliyoacha Wazungu wa mradi wa karanga kule Urambo yana desturi yake. Magurudumu ya upande wa kulia nati zake hufunguka kwa kushoto, kama nati zote. Ya upande wa kushoto yamegeuzwa. Hufunguka kwa kulia. Waliotengeneza walifanya hivyo ili gurudumu likizunguka lisizilegeze njiani. Futa kutu kwenye ncha ya bolti, kwa mchanga na kitambaa, utaona herufi L imegongwa pale. Hiyo ndiyo alama. Anton aliijua, nilimwonyesha mwenyewe kwa kidole.

Sasa fanya hivi. Yale mafuta ya taa uliyoniandikia kwamba ulizimwagia nati yafute yote, acha pakauke siku nzima, nisije kusikia mmeungua. Usiwashe moto chini ya gari. Nenda kwa mhunzi, kule kwenu hamkosi mhunzi wa majembe, apashe nondo mpaka iwe nyekundu, aibane juu ya nati ahesabu taratibu mpaka mia. Aitoe. Hapo hapo gusisha kipande cha nta pale nati inapokutana na bolti. Itayeyuka na kunywewa ndani, kwenye meno. Acha ipoe. Rudieni mara tatu. Zile nzima zitafunguka kwa spana, kwa KULIA. Zile zilizolika, mhunzi atie tindo pembeni ya nati, agonge kuisukuma izunguke kulia, pole pole, bila hasira. Nakujua, nimesema bila hasira. Iliyokatika iacheni. Tano zinatosha kwa mwendo mfupi. Nati tatu mpya zenye L nimezifunga kwenye kitambaa, atakuletea Silasi wa reli.

Umeniuliza Tobias ni fundi wa namna gani. Sipendi kusema jambo la mtu, lakini umeuliza ukiwa umeumia, na kukudanganya ni dhambi. Tobias si fundi. Pale gerejini anaosha magari. Ana ndoo na kitambaa, na anaosha vizuri sana, magari ya ile sherehe yaling'aa kweli. Lakini miaka sita yote hakuna aliyempa spana ashike. Hakukuficha kitu, mwanangu. Hana cha kuficha.

Ni mimi mzee wako,
Selemani bin Saidi


Usoke,
20 Julai 1953

Tobias,

Zimefunguka.

Shilinde mhunzi alikuja na mivukuto yake akaiweka chini ya mti wa jirani, mbali na lori. Alipasha nondo tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyeshika nta. Nta ya kanisani, kama unavyoiita, kutoka mizinga ya baba yangu, na iliingia kwenye meno ya ile bolti huku ikitoa moshi mweupe na harufu ya asali. Mara ya tatu nikatia spana kwenye nati ya kwanza, nikageuza kulia. Kulia, Tobias. Ililia kidogo, kisha ikaja kama kifuniko cha chupa. Nilikaa chini nikalia mbele ya Shilinde, naye akajifanya anatazama mivukuto.

Nilikuwa nafunga! Mwezi mzima wewe uko Cheyo unaniandikia niongeze nguvu, na kila nilipoongeza nguvu nilikuwa nazikaza dhidi ya watoto wangu.

Herufi L ipo. Nimeifuta kwa mchanga nikaiona. Ingekuwa wewe ni fundi ungeijua.

Na sasa najua kwamba si fundi. Najua ndoo na kitambaa. Nilikuita mwizi nikakosea, na sijui kwa nini nimekasirika zaidi kuliko nilipodhani ni mwizi. Mwizi angalau anajua anachoiba. Wewe ulikuwa tayari kuwavunja mikono watu wawili kuliko kuandika neno moja: sijui. Neno hilo lina herufi tano. Ungeliandika tarehe kumi na tano Juni ningemwandikia Selemani siku ile ile, bolti yangu ingekuwa nzima, na Pelagia asingekuwa anachechemea.

Nimekumbuka kila ulipokuja Usoke. Suruali iliyopigwa pasi, na spana inachungulia mfukoni ili watu waione. Sikuwahi kuona tone la mafuta kwenye kucha zako. Nilidhani ni usafi.

Tarehe kumi na sita nitakuja na barua zako zote kikapuni, na nitazisoma kwa sauti uani kwa Ngollo, kuanzia "nati yoyote duniani" mpaka "shikamoo sana". Halafu nitawauliza wazee walitaka kumpa nani lori.

Apolinaria


Cheyo,
27 Julai 1953

Mama Josepha,

Naandika hii gerejini, nimekaa juu ya ndoo. Ndiyo, hiyo ndoo.

Yote ni kweli. Sina la kubisha. Nilipoandika ugeuze kushoto niliamini. Nimewaona mafundi wakifungua mamia ya nati, na nilivyoona mimi zote ni kushoto. Labda nilikuwa nimesimama upande mmoja tu wa magari. Ulipoandika kwamba bolti imekatika nilijua kuna kitu sikijui, nikaogopa kumwuliza fundi yeyote hapa, maana wangeuliza, "Wewe inakuhusu nini?"

Lakini kuna jambo moja hulijui na nitalisema, ukasirike zaidi ukipenda. Anton alijua. Mwaka ule wa kwanza alinikuta hapa hapa na kitambaa mkononi. Nilikuwa nimemwandikia Baba Mkubwa kwamba nimepata kazi ya ufundi, maana ukoo wote ulichangia nauli yangu kuja mjini. Nilidhani Anton atanipiga. Aliketi, akacheka, akasema, "Basi tutasema fundi mpaka uwe fundi." Ile spana ya mfukoni alinipa yeye. Kila alipofika kwa Baba Mkubwa alisema, Tobias amefungua injini hii, Tobias ametengeneza gari la mkubwa fulani. Nami nilimwacha aseme. Alisema atanifundisha mvua zikiisha. Kila mwaka mvua zilikwisha.

Baba mkwe wangu alinipa Katarina kwa sababu ni fundi. Lori nalitaka, sitakudanganya tena. Mtu mwenye lori hakuna anayemwuliza kama ni fundi.

Ukizisoma barua zile Katarina atakuwa amekaa pale, na baba yake pia. Sikuombi usizisome. Nimejaribu kuandika ombi hilo mara tatu na kila mara nikaona ile kucha yako nyeusi.

Tobias


Usoke,
5 Agosti 1953

Tobias,

Nimeipata. Nimekasirika zaidi, kama ulivyosema.

Nimekasirika na Anton. Miaka kumi nililala na mtu huyu, akinisimulia safari zake zote mpaka shimo ambamo gurudumu liliingia, na hili hakuniambia! Alipokuja nyumbani akisema "mdogo wangu fundi", nami niliitikia kwa kichwa na kukusifu kwa majirani. Amenifanya niseme uongo bila kujua. Nilikwenda kaburini Jumapili nikamwambia, na sikumwambia kwa upole. Kama angekuwa hai angelala jikoni wiki nzima.

Na uongo wake wa huruma ndio ulioniletea mimi balaa hili. Yeye ndiye aliyemwambia Ngollo kwamba wewe ni fundi. Ni kwa maneno hayo Ngollo alitaka kukupa lori. Anton alikujengea jina kwa mali ya watoto wake mwenyewe, na hakujua, maana hakujua kwamba atakufa.

Hukuomba, kwa hiyo sina cha kukukatalia. Wala sikuahidi kitu. Barua zimo kikapuni.

Gurudumu limekaa. Nati tano, tatu mpya. Nimezikaza mwenyewe, kwa kushoto.

Apolinaria


Usoke,
20 Agosti 1953

Tobias,

Uliondoka Jumapili bila kuaga, ukakimbilia treni na Katarina nyuma yako. Kwa hiyo nitakuambia kwa barua yale niliyotaka kukuambia usoni.

Kwanza, najua ulishangaa nilipoingia uani nimeshika usukani. Wote mlitazama kama mmeona mbuzi anasoma misa. Anton alinifundisha kwenye barabara za msituni, mwaka ule alipoumwa mgongo. Hilo ndilo jambo nililowaficha mimi, na alinisaidia kulificha huyo huyo kaka yako. Kumbe alikuwa na ghala la siri za watu.

Maili tatu kutoka hapa mpaka kwa Ngollo, kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi, nilihesabu kila jiwe. Nilipozima injini nilijua nimeshinda. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu, na mkono ulikuwa ndani ya kikapu.

Ndipo Ngollo alipofanya alichofanya. Aliinama, akaona mahali pa bolti iliyokatika, akanyoosha fimbo. "Hapa pamekosekana moja. Gari bovu haliitwi gari lililofika. Tobias, wewe ndiye fundi wetu. Kagua. Ukisema ni zima, ni lake. Ukisema si zima, ni lako." Nikaona baba mkwe wako anatabasamu.

Tobias, wakati ule nilikuchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Maana neno lako lingekuwa kweli. Moja imekosekana, kila mtu anaona. Ungesema maneno mawili tu, "si zima", na mimi ningesoma barua zako mpaka jioni, nao wangesema mjane ana chuki anamtukana fundi aliyemshinda.

Uliinama. Ulishika gurudumu. Ulikaa pale muda mrefu mpaka Ngollo akakohoa. Halafu ukasimama na kusema kwa sauti ile ndogo: "Baba Mkubwa, mimi siwezi kulikagua. Sijui. Mimi naosha magari. Lori hili limefunguliwa na Mama Josepha, na mimi ndiye niliyemvunjia bolti hiyo."

Nilitoa mkono kikapuni bila kitu.

Sasa nikuambie ulivyoniudhi. Mwezi mzima nilikuwa naitunza hasira ile kwa siku ile. Niliilisha, niliilaza, niliamka nayo. Na wewe ukaninyang'anya mbele ya watu, kwa neno lile lile nililokudai tangu Juni. Na walipoanza kucheka, baba mkwe wako akicheka kwa hasira na wengine wakicheka kwa raha, nilijikuta nawapigia kelele wao. Ulikuwa umeshatoka, hukusikia. Nilimwambia yule mzee: "Uliyempa binti yako amesema kweli kwa hasara yake, hapa uani, mchana. Wewe umewahi lini?" Ngollo naye alilizunguka lori mara mbili akitafuta kosa jingine, akachoka, akaketi. Lori ni langu na watoto. Limesemwa mbele ya ukoo na Padre.

Usidhani nimekusamehe. Kucha yangu haijaota. Pelagia bado anachechemea na kila akipita anataja jina lako kwa namna nisiyoweza kuiandika.

Lakini kipande cha ile bolti bado kimo ndani, na tumbaku haipandi lori lenye nati tano. Selemani ameniandikia namna ya kukitoa: kinatobolewa katikati, kinapashwa, kinanyweshwa nta, kinazungushwa kidogo kidogo siku nzima. Kinataka mtu mwenye subira, na mimi sina. Wewe umefuta vumbi kwenye magari ya watu miaka sita bila kuchoka.

Kwa hiyo utakuja Jumamosi, treni ya asubuhi. Njoo na nguo mbovu, suruali ya pasi uiache kwa Katarina. Na ile spana ya mfukoni aliyokupa Anton uje nayo. Safari hii utaitumia.

Ni mimi shemeji yako,
Apolinaria